Majani ya Mapokezi Yamezidi Kuwa Manjano kwa Ushauri Wenu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Bustani,

Shikamoo. Sijui umri wako, lakini nimeona ni salama kuanzia hapo.

Mimi ni binti niliyemaliza shule mwezi uliopita. Nipo kwenye majaribio ya kazi, mapokezi kwa daktari wa meno. Siku ya kwanza alinionyesha mmea ulio kwenye chungu karibu na mlango, majani yake matatu yakiwa manjano, akasema, "Binti, ukishindwa kitu kisichosema, utawaweza hawa wanaopiga kelele? Mmea huu ukipona kabla ya mwisho wa mwezi, kazi ni yako."

Mimi naona haya kuuliza watu, kwa hiyo nikauliza gazeti lako. Nilikata ile makala yenu ya majani ya manjano, yenye sababu tano na tiba tano. Shuleni tulizoea kujibu maswali yote. Nimeyajibu yote kwa wiki moja, na sasa majani ya manjano ni tisa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlisema maji yakizidi, mizizi huoza. Nikaacha kumwagilia. Aya ya pili mkasema maji yakipungua, majani hukauka. Nikamwaga ndoo. Tafadhali kubalianeni kwanza huko ofisini.

2. Mlisema mmea unataka mwanga. Penye mwanga hapa pana kiti kimoja tu, nikauweka hapo. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba alisimama saa nzima, akidhani mmea umemtangulia kwenye foleni.

3. Mlisema huenda umekosa madini ya chuma. Nikachomeka misumari minne kwenye udongo. Mama Deki, anayetusafishia sakafu, akauliza, "Mwanangu, unatunza mmea au unaunda meza?" Makala yenu haikutaja meza.

4. Mlisema mizizi ikaguliwe, hamkusema mara ngapi. Nimeikagua kila asubuhi: naung'oa, naitazama, naurudisha. Jana yule mzee alinikuta nimeung'oa na kuuinua juu, akasema, "Kumbe leo tunang'olewa wawili!" Wagonjwa wote wakacheka, hata wasioweza kufunga mdomo. Daktari akatoka na koleo mkononi kutazama kuna nini. Mimi nilikuwa chini ya meza, natafuta kalamu ambayo haikupotea.

Majaribio yanaisha wiki ijayo. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, gazeti liuombe mmea radhi ukurasa wa mbele. Mwandishi wa makala aje akae mapokezi badala yangu mpaka upone. Na kuanzia sasa mtangaze kwamba jani lina ruhusa ya kuwa manjano kwa sababu moja tu. Tano ni nyingi kwa mtu anayeanza maisha.

Nisalimie wachapaji, mchora katuni, na huyo mwandishi, ambaye kwa kweli simchukii.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na udongo kwenye kucha,
Binti wa Mapokezi (wa majaribio)

Nyongeza: Barua hii imechelewa kwa sababu nilishikwa na mafua, nikalala nyumbani siku nne. Huko nimeokota chini ya kitanda kipande cha makala nilichokikata ili iliyobaki ienee kwenye daftari. Kinasema: "Chagua sababu moja, kisha uvute subira." Leo nimerudi kazini. Mama Deki aliing'oa misumari, zaidi ya hapo hakuna aliyeugusa mmea, nao umetoa jani jipya, kijani kibichi. Daktari amesema, "Una mkono wa baraka, binti. Kazi umepata." Nilitaka kumweleza ukweli, nikaona haya, nikasema asante tu. Basi usiichapishe barua hii, maana daktari husoma ukurasa wako. Amenikabidhi pia mmea wa ndani, ulio kando ya kiti cha kung'olea meno, nao umeanza kuwa manjano. Nimeshaomba ruhusa ya siku nne.