Nani Amekwangua Rangi Yangu?

Jumatatu, 4 Mei
Msiba! Mwenye nyumba anataka kubomoa ajenge ghorofa. Sisi na watoto twende wapi? Turudi mtaa wa Hillbrow, tubanane chumba kimoja? Ng'o! Jeannine, mke wangu, amelia mpaka ugali ukaungua. Lakini mimi Lambert nina akili. Nyumba hii ina zaidi ya miaka mia. Wakaguzi wa majengo ya kale wakisema ina thamani, haiguswi. Mama mkaguzi anakuja Alhamisi.

Jumanne, 5 Mei
Mgeni hapokelewi na uchafu. Boriti, nguzo za baraza, kabati zilizojengwa ukutani: zote mbao nyeusi, za huzuni! Nimezipaka rangi ya mafuta. Nyeupe pee. Hénock, mpangaji wa chumba cha nyuma, kachungulia, akasema nimeharibu. Wivu tu.

Jumatano, 6 Mei
Eish! Rangi yote imekwanguliwa. Mbao tupu, laini, maranda yametapakaa sakafuni. Nimemvamia Hénock. Akasema alikuwa lindoni Doornfontein hadi asubuhi. Nimewauliza wenzake. Ni kweli. Jeannine kasema humu kuna mtu. Nikamwambia ni panya. Kesho duka likifunguliwa nanunua kopo jingine.

Alhamisi, 7 Mei
Nimerudi na kopo, mkaguzi keshamaliza! Amefurahi ajabu. Amesema mafundi wa enzi hizo waliacha mbao zionekane, ndiyo thamani yake. Zingepakwa rangi asingetusaidia. Nimeficha kopo mgongoni. Nyumba haibomolewi! Kisha akaomba nimshukuru yule mzee wa aproni ya ngozi aliyemfungulia mlango. Mzee gani? Jeannine alikuwa amepeleka watoto shule. Hénock alikuwa hajarudi kutoka lindoni. Naogopa. Naogopa sana.

Ijumaa, 8 Mei
Jeannine amehamia kwa dada yake, na watoto. Amesema nyumba hii ina mwenyewe, na si mimi. Nimepiga magoti. Wapi! Nikabaki nalia peke yangu. Halafu nikafikiri: fundi hodari, halipwi! Nimekusanya viti vibovu vya kanisa letu, nikavipanga sebuleni, na mbao juu, yule mzee avitengeneze usiku.

Jumamosi, 9 Mei
Viti vyote vimepona! Na katikati kuna sanduku jipya, refu, lina kifuniko. Sikuliagiza. Nimejilaza ndani kulijaribu: nimeenea sawasawa, kichwa mpaka vidole. Zuri mno! Jeannine siku zote hulalamika hana pa kuweka vitenge. Akiliona atarudi tu. Nimemwachia mzee mbao zaidi, atengeneze la Jeannine na madogo ya watoto.