Mpira Unaokwenda Kulia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Habari kubwa. Mfamasia amehama! Huyu ndiye aliyecheza gofu na baba mkwe wangu miaka ishirini na miwili, jozi moja, bila kukosa. Sasa amekwenda kuishi kwa binti yake, mbali, na mashindano ya jozi ni Jumamosi ya tarehe 15. Jana mezani Mzee alitangaza kwamba mwaka huu atacheza na mmoja wa wakwe zake. Wakwe wenyewe tuko wawili. Mimi, na mpima ardhi aliyemwoa dada yake mke wangu. Huyo mwanyumba wangu ni mrefu, ana sauti nzito, na anajua kunyamaza. Mzee atatuangalia wote wawili Jumatano ya wiki ijayo, kisha atachagua.

Lazima iwe mimi. Nilioa miaka tisa iliyopita na mpaka leo Mzee ananiita mgeni. Mpeni mgeni kiti. Mgeni ameshanawa? Mwanyumba kaoa juzijuzi tu, na yeye anaitwa kwa jina lake. Mimi huwa nacheka. Kwa kweli inaniuma sana.

Tatizo ni moja. Tangu Januari mpira wangu hauendi mbele. Nausimamia vizuri, nazungusha fimbo, nasikia mlio mkavu, mikono inakufa ganzi, na mpira unachomoka kulia kama umeitwa na mtu. Si kila mara. Mara moja katika nne au tano. Leo jioni umegonga ndoo ya mkata nyasi, naye alikuwa amesimama ubavuni kwangu kabisa, mahali ambapo mtu yeyote angejiona salama. Alihama na ndoo yake.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamua kulitafuta tatizo kitaalamu. Mimi ni fundi wa miwani, bwana! Siku nzima nakata lenzi na kunyoosha fremu zilizokaliwa na wenyewe. Mtu wa kazi hii hababaishwi na mpira.

Kwanza nimeondoa mambo yasiyohusika. Usingizi, sawa. Chakula, sawa. Viatu, sawa kabisa: ni vya Januari hii, na ndani nimeweka visigino vya siri, vile vya sponji ngumu vinavyomwongezea mtu vidole vitatu. Ukoo wa mke wangu wote ni warefu. Nikipiga nao picha naonekana kama nimekaa. Siri hiyo anaijua mke wangu peke yake. Yeye anasema alinipima kwa macho kabla ya kunikubali, na hakuona upungufu. Maneno ya mke hayo. Kwa vyovyote, viatu havihusiki.

Pili, fimbo. Nimeileta dukani chini ya koti na kuipima pembe kwa vifaa vya fremu. Imenyooka. Ila kwenye shingo, pale chuma cha kichwa kinapoungana na mti, kuna alama nyeupe za mpira. Kumbe sigongi kwa uso wa fimbo, nagonga kwa shingo! Huu ni ugunduzi mkubwa. Nimeinuka kuujaribu kwa mwavuli, nikaangusha ubao wa herufi za kupimia macho. Daktari wa macho, mwenye duka, alikuwa na mteja. Amenisihi nigundue nikiwa nyumbani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimemchota akili mwanyumba. Nilimpigia simu nikamwambia nina rafiki, mtu wa kazini, ambaye mpira wake unakwenda kulia kwa sababu anagonga na shingo ya fimbo. Akafikiri kidogo akasema huyo rafiki amesogelea mpira mno, uzito wake uko kwenye vidole vya miguu badala ya katikati. Arudi nyuma kidogo, atulie. Nikamshukuru kwa niaba ya rafiki.

Jioni nikarudi nyuma hatua nzima. Nikazungusha. Nikauona mwili wote unaufuata mpira, nikajikuta nimepiga magoti. Mpira ukaenda kulia vilevile.

Kuna jambo haliniingii akilini. Kila nikirudi nyuma, kuna kitu kinanisukuma mbele. Nadhani uwanja umeinama. Nimemweleza mkata nyasi. Ameutazama uwanja, akanitazama mimi, akasema atauangalia.

Usiku huu mwanyumba ameandika kwenye kundi la familia kwamba anatumaini rafiki yangu anaendelea vizuri. Mama mkwe akauliza rafiki gani, anaumwa nini. Shangazi wa mke wangu ametuma dua. Sasa nina rafiki mgonjwa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Wazo la leo lingemtokea fundi wa miwani tu. Kama nausogelea mpira mno, dawa ni kuufanya uonekane karibu zaidi kuliko ulivyo, ili mwili wenyewe uogope na kurudi nyuma. Zipo lenzi za namna hiyo. Huwa tunawakatia watu wanaoona vitu viwili viwili, na zinakihamisha kitu mbele ya macho. Jana mchana nilijikatia jozi, kali kidogo kuliko inavyoshauriwa.

Nimefika uwanjani nimevaa. Katibu wa klabu, mama mmoja mwenye heshima zake, alinipa mkono. Nikaushika mfuko wake wa mkononi nikautikisa. Akauliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama salimini, nikageuka, nikaingia kwenye mlango uliofungwa.

Mpira niliuona vizuri, ukiwa miguuni kwangu. Nilipopiga, nilipiga nyasi. Nyasi zikaruka kulia.

Katibu amempigia mke wangu simu kuuliza kama siku hizi nakunywa asubuhi. Mke wangu ameninyang'anya miwani, akaijaribu, akashika ukuta. Kisha ameketi kitandani akaniuliza, kwa upole, kwa nini nisimwambie tu baba yake kwamba nina shida, anifundishe. Nikamweleza kwamba mgeni hawezi kwenda kwa mwenyeji na shida. Alinishika mkono muda mrefu, na mimi nikajifanya nimesinzia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kama mimi sipandi, basi yeye ashuke. Si jambo la kujivunia, lakini shajara ni yangu.

Baada ya chakula kwa wakwe nilimvuta mwanyumba pembeni nikamwambia macho yake yamechoka. Mekundu pembeni, kope zinacheza. Nimeona mengi, nikamwambia, na mwanzo huwa hivyohivyo. Nikamshauri aje dukani Jumatano saa nne apimwe taratibu. Saa nne ya Jumatano ndiyo saa ya Mzee! Nilitegemea hofu imsahaulishe. Akanishika mabega mawili akanishukuru. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumjali hivyo katika familia hii. Nilikula keki yangu kwa shida.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Msiba. Mwanyumba hakungoja Jumatano. Kwa kuwa ni jambo la hatari, alikuja jana asubuhi, kabla hatujafungua, akakaa kwenye ngazi.

Daktari amempima. Kweli haoni mbali! Miaka yote hiyo alikuwa akipiga mpira kuelekea bendera asiyoiona, kwa kukisia tu, na bado akatushinda. Na nani amekata lenzi zake? Mimi. Nilitaka kuzikata ovyo. Niliweka lenzi kwenye mashine, nikajiambia nipindishe kidogo tu, mkono ukakataa. Nimekata vizuri kuliko zote za mwezi huu.

Jioni ametuma picha kwenye kundi la familia, akiwa na miwani yake uwanjani. Anasema anaona kila jani. Amepiga mipira kumi, tisa imesimama karibu na shimo. Anamshukuru ndugu yake, yaani mimi. Mzee ameweka alama ya dole gumba. Nimejichimbia kaburi kwa mikono yangu, tena kwa ustadi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Naandika polepole, nisisahau kitu.

Saa nne kamili. Mzee amekaa kwenye kiti cha kukunja, fimbo yake ya kutembelea kati ya magoti. Goti la kulia litapasuliwa mwezi ujao, na daktari amemwambia haya yanaweza kuwa mashindano yake ya mwisho. Hilo nilikuwa silijui. Mwanyumba ndiye aliyeninong'oneza, pale pale.

Akapiga yeye kwanza. Mitatu, yote imenyooka kama kamba ya kupimia viwanja. Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu.

Nikapiga mimi. Wa kwanza, kulia. Wa pili, kulia. Wa tatu ukapita mbele ya kiti cha Mzee na kuangusha chupa yake ya chai. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kumweleza Mzee kuhusu uwanja ulioinama. Hakunitazama usoni. Alikuwa akitazama chini.

"Vua viatu," akasema.

Nikasema nina kidonda. Akangoja. Nikasema ni kidonda kibaya. Akaendelea kungoja, kama mtu aliyesomesha hesabu miaka thelathini, ambaye anajua jibu utalileta tu. Nikavua. Visigino vikadondoka kwenye nyasi, viwili, kama vipande vya sabuni. Mwanyumba akageuka ghafla akaanza kufuta miwani yake, na akaifuta muda mrefu sana. Sitausahau wema huo.

Mzee akaniambia nivae viatu bila vile vitu, nipige. Nikawa mfupi mbele ya watu wote. Nikapiga. Sikusikia mlio mkavu, sikusikia chochote mikononi. Mpira ukaenda mbele! Ukaenda mbele, ukaenda, ukakaa. Nikapiga mwingine. Mbele. Nikapiga sita. Macho yangu yalikuwa na maji, nikasingizia jua.

Kumbe visigino vilikuwa vinaninyanyua nyuma na kunimwaga kwenye vidole. Mzee alieleza hivyo kwa maneno machache. Kisha akamwomba mwanyumba radhi na kusema atacheza na mimi. Mwanyumba akauliza kwa heshima ni kwa nini. Mzee akasema mkata nyasi amemwambia kuna mtu anakuja kila jioni, anakosea kila jioni, na kesho yake anarudi.

Nimewahi nyumbani kumwambia mke wangu. Alikuwa ameshapata habari. Alilia kidogo.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Tumecheza! Mashimo yote kumi na manane. Mzee alitembea polepole, nami nikabeba mikoba yote miwili. Mpira wangu haukwenda kulia hata mara moja. Alipokosea yeye nilirekebisha mimi, nilipokosea mimi alirekebisha yeye. Kwenye shimo la kumi na moja alicheka kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Mwisho wa yote tukawa tumefungana kileleni na dada wawili mapacha, walimu wa kuogelea. Katibu akatangaza picha kwanza, wakati waamuzi wakikagua kadi. Picha hiyo itatundikwa kwenye ukumbi wa klabu. Milele! Mapacha warefu, Mzee mrefu, na mimi. Nikakimbia kwenye gari, nikaweka visigino. Ilikuwa picha tu. Mtu angefanya nini?

Picha ikapigwa. Nimetoka vizuri. Hapo hapo katibu akatangaza shimo moja la kuamua mshindi, na Mzee akaniomba nianze. Watu wote wametuzunguka. Nivue viatu mbele ya umati? Nikajiambia ni pigo moja tu. Nikajiambia mwili umeshajifunza.

Mlio mkavu. Kulia. Mpira ukaingia kwenye hema la vinywaji na kutoka upande wa pili.

Tumeshindwa. Mapacha wakakumbatiana. Nilibaki nimesimama pale pale, sikuweza kumgeukia Mzee. Mashindano yake ya mwisho, na mimi nimeyatupa hemani. Nilijiandaa kwa neno lolote. Akaja akichechemea, akatazama viatu vyangu, akaviona. Akaweka mkono begani kwangu.

"Mwanangu," akasema, "twende nyumbani."

Jumapili, tarehe 16 Machi

Sikulala. Nimelifikiria neno lile usiku kucha. Mwanangu! Baada ya miaka tisa.

Asubuhi mke wangu ameniletea chai kitandani na kuniuliza nimejifunza nini. Nimemwambia nimejifunza mengi. Jumatano nilipiga mipira sita iliyonyooka, bila visigino, na Mzee hakunishika bega. Jana nimepiga mmoja mbovu kuliko yote, nikiwa na visigino, akanishika bega na kuniita mwanawe. Hesabu iko wazi. Bila visigino bega langu lilikuwa chini mno, asingeweza kulifikia na goti lile.

Mke wangu amejilaza akajifunika shuka mpaka kichwani. Shuka lilikuwa linatikisika. Nadhani ameguswa.

Fundi viatu wa mtaani hafungi Jumapili. Nimempelekea jozi zangu zote tatu za viatu, aongeze visigino kidole kimoja.