Betri Iliyoniumbua Ukweni

Leo nimeumbuka, tena ukweni. Aliyeniumbua ni betri ya gari, kwa hiyo nina hasira ambazo sijui nimshushie nani.

Kwanza mjue kitu kimoja. Huku kwetu Kyela, mke wa Kinyakyusa aliyefundwa haonani na baba mkwe. Humwangalii, humsemeshi, akija huku wewe unapitia kule. Wengi siku hizi wameacha. Mimi sikuacha. Miaka tisa ya ndoa, sina doa hata moja. Ukoo mzima unanitolea mfano (na nilikuwa naufurahia sana, nisiwafiche).

Asubuhi nimekwenda Ngonga kumpelekea mama mkwe sukari na sabuni, nikijua mzee yuko shambani. Tumeongea, nimeaga, nikawasha gari. Tik. Nikajaribu tena. Tik.

Betri ya miezi minne!

Nikashuka, nikaanza kumsema muuza betri wa mjini. Mwizi yule. Kaniuzia betri mfu. Kesho namrudishia, namtupia mbele ya wateja wake wote. Nikiwa katikati ya hotuba, nikaona baiskeli ya mzee inakata kona ya migombani. Nikaruka ndani ya gari, nikajikunja chini ya usukani. (Mwili wenyewe mnaujua. Haukunjiki.)

Mzee zamani alikuwa dereva wa lori. Akainua boneti, nami nikashukuru, maana boneti ilikuwa pazia. Mazungumzo yakapitia kwa mama mkwe, kama inavyotakiwa.

"Muulize mwanao, betri hii anaiongezea maji gani?"

"Mama Lusajo, baba anauliza unaongeza maji gani."

Nikanong'ona, "Ya kisima. Lakini nilichemsha."

"Anasema ya kisima, ila alichemsha," mama mkwe akatangaza, kwa sauti ya kufika Busale.

Mzee akagonga betri kwa kidole.

"Mwambie betri haina tumbo la kuuma. Inataka maji ya betri, yale ya dukani, na yasipungue mpaka chini hivi. Halafu vichwa vyake vimelegea, vimejaa unga kama magadi. Kwani muuzaji hakumwambia?"

Aliniambia. Aliniambia yote, mara mbili, nikamwona anajitia mwalimu. Jibu hilo sikumpa mama mkwe alipeleke.

Ikabidi gari lisukumwe. Mzee akashusha boneti, nikafumba macho. Akaenda nyuma na majirani wawili, nami nikageuza kioo cha ndani kikatazama juu, nisije nikamwona humo. Gari likaanza kuteremka uani.

Sasa, mwisho wa ule uwanja kulikuwa na turubai, na juu ya turubai kulikuwa na kakao ya mzee, imeanikwa. Sikuiona kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa heshima. Mzee ndiye aliyeona tunakoelekea. Akakimbia mpaka mbele ya gari, mikono juu, tukatazamana uso kwa uso.

Nikafanya ambacho mkwe yeyote mwenye adabu angefanya. Nikaachia usukani, nikajifunika macho kwa mikono miwili.

"Mama Lusajo, fungua macho!"

Miaka tisa, na hayo ndiyo maneno ya kwanza baba mkwe kunisemesha. Nilipofungua, yeye alikuwa ameshajirusha migombani, mzima wa afya. Mimi nilikuwa katikati ya kakao. Na gari, kwa ukorofi wake, lilikuwa limewaka.

Nimefika nyumbani, mama mkwe kapiga simu. Mzee anasema kakao itaokotwa. Ila kesho niende kwa yule muuzaji ninunue maji ya betri, na nimsikilize mpaka amalize. Ndaga, yaani asante, nimesikia.

Sasa nyie. Anayetaka kunicheka asinicheke moja kwa moja. Apitishie kwa mama mkwe.