Habari za Msomi wa Haki Jinai na Sabuni za Bafuni

Sogeeni, enyi mliooga na enyi mnaongoja zamu, wekeni chini ndoo zenu msikie habari kubwa. Mama Pacha, jirani wa chumba cha kwanza, ambaye ulimi wake haujapata kulala na njaa, anadai kwamba siku ile Msomi aliruka kutoka ardhini hadi juu ya bati bila ngazi, akapigana na jini lenye mbawa tangu macheo hadi jua la utosi, na paa likalia kama ngoma ya vita. Ngazi ilikuwapo. Aliishikilia Mama Pacha mwenyewe, akitetemeka kuliko aliyepanda. Lakini mwenye kutia chumvi huwa na mboga jikoni, na mboga yenyewe ndiyo hii.

Palikuwa na binti, ndiye huyo Msomi, katika nyumba ile ya kupanga, yenye vyumba vingi na bafu moja; binti mwenye shahada ya haki jinai, mbeba bahasha, mshinda mabenchini, aliyezizunguka ngome zote za dola pasi na lango kufunguka. Polisi walimpima urefu wakamwona ameishia njiani. Magereza walimwambia asubiri tangazo, naye akalisubiri hata askari wa mapokezi akawa anamwita shemeji. Mahakamani walitaka uzoefu, ule usiopatikana ila mahakamani. Kwa mawakili aliulizwa, "Wewe ni wakili?" Akasema siye. Wakasema, "Basi."

Ikabaki ngome moja: kampuni ya ulinzi ya Afande, askari mstaafu, mdogo wake mwenye nyumba. Afande hakujali vyeti. Desturi yake ilikuwa hii: kabla hajampa mtu lango alilinde, humfuata kwao, akawauliza majirani, "Huyu mngemwachia chumba wazi?" Wakisita, hugeuza pikipiki. Naye alikuwa ameahidi kuja Ijumaa asubuhi.

Wiki hiyohiyo, ole wake binti, sabuni zikaanza kutoweka bafuni.

"Mimi simtaji mtu," alisema Mama Pacha uani, huku akimtaja kwa kidevu. "Ila humu ndani nani kasomea uhalifu chuo kikuu?"

"Nimesomea haki jinai, Mama Pacha. Namna ya kushughulika na wahalifu."

"Mwanangu, aliyesomea ualimu si anafundisha? Aliyesomea upishi si anapika? Haya. Na wewe?"

Mama yake Msomi, mikono ndani ya beseni la mashuka, alimnong'oneza, "Mpe sabuni yetu, yaishe."

"Nikimpa nimekiri, mama. Na Afande anakuja."

Ndipo Msomi akapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akapaza sauti, akanena: "Enyi wakazi wa ua huu, wenye mataulo na wenye magunzi ya kujisugulia! Naapa kwa shahada yangu ilalayo katika mfuko wa nailoni chini ya godoro, sitastarehe hata mwizi huyu asimame mbele yenu, na jina langu lirudi likiwa limetakata!"

"Amina," akasema fundi viatu, taulo begani. "Sasa nipishe nioge."

"Huogi. Hapo ni eneo la tukio."

Akalizungushia bafu kamba ya kuanikia nguo, na siku ile watu wakaenda kazini na vumbi la jana. Kisha akapita mlango kwa mlango akiwahoji, na kila mmoja alimwanzia kwa maneno yaleyale: "Una haki ya kukaa kimya." Haki hiyo haikuwahi kuonekana katika nyumba ile, wala hakuna aliyeigusa. Mama Pacha alipopewa, alizungumza tangu chai hadi chakula cha mchana, akapitia ndoa zote za mtaa, na sabuni hakuifikia.

Lakini binti alikuwa mtu wa kutazama. Katika kipande kimoja kilichosalia aliona vishimo, vidogo, vilivyochongoka. Akainua macho. Bafu lile halikuwa na paa.

Ijumaa kulipopambazuka akaweka sabuni ya mama yake juu ya ukuta, akavaa sufuria kichwani, akachutama nyuma ya pipa la maji. Hata jua lilipogusa bati, akashuka jambazi mwenye joho jeusi na kizibao cheupe, akatembea ukutani kwa maringo ya mwenye mali. Kunguru.

"Simama!" akanguruma Msomi. "Uko chini ya ulinzi! Una haki ya kukaa kimya!"

Naye kunguru, kwa kuwa sabuni ilikuwa mdomoni, akawa mkazi wa kwanza wa nyumba ile kuitumia haki hiyo.

Akaruka. Ngazi ikaletwa. Juu ya bati wakakutana, mbawa kwa sufuria, na pigo la mdomo likashuka, sufuria ikabonyea; mama yake akagumia chini kama aliyechomwa yeye. Msomi hakurudi nyuma. Alitumbukiza mkono katika mfereji wa paa, akautoa umejaa: ya kijani, ya waridi, na ya dawa, ingali na nywele.

"Hiyo yangu!" akapiga kelele fundi viatu.

"Nilisema huyu binti hana baya," akasema Mama Pacha kutoka kwenye ngazi. "Nilisema, sikusema?"

Wote wakaitumia haki ile, kwa mara ya pili katika historia.

Na ikumbukwe vizazi hata vizazi: tangu asubuhi ile ua ule huhesabu mambo yake kwa kusema kabla ya kunguru na baada ya kunguru, na sabuni hulala bafuni kwa amani, chini ya kopo.

Asubuhi ileile pikipiki ikanguruma nje. Afande akaingia, mikono imejaa grisi ya mnyororo, akasema bila salamu, "Huyu mngemwachia chumba wazi?"

"Chumba?" akasema Mama Pacha. "Huyu tunamwachia bafu!"

Afande akaitikia kwa kichwa taratibu, akaomba maji ya kunawa. Mama Pacha akammiminia, na Msomi mwenyewe akampa sabuni ya waridi.

"Shikamoo, Afande," akasema, sufuria ingali kichwani. "Basi nije Jumatatu kuanza kazi?"

Afande akapaka povu, kidole baada ya kidole. Juu ya bati kunguru aliinamisha shingo, naye akingoja kusikia.