Kaseti Tatu na Tenki la Mnyambe

Jumatatu, 9 Septemba 1991

Daftari langu, leo nimeanza Kiingereza. Umri miaka arobaini na tisa, shule darasa la nne, lakini Mungu hachagui chombo. Sababu ni hii: Jumatano ya wiki ijayo anakuja Mzee Cecil, Mwingereza, kutoka kanisa rafiki la huko kwao. Ana tenki moja tu la kukingia maji ya mvua. Atalipeleka kwetu Mnyambe au kijiji cha Makote, atakavyoona mwenyewe.

Severina, mke wangu, hushuka bondeni kila alfajiri na ndoo, akapanda nayo kichwani, goti limevimba kama fenesi. Tenki likija, goti litapumzika. Akina mama wa kanisa wote wanafunga na kuomba.

Ukalimani kapewa Cuthbert, mwalimu mstaafu. Nilipojitolea mimi, alicheka mbele ya wazee wa kanisa. Alisema Kiingereza changu nimekisikilizia ukutani. Nimemsamehe. Yaani, nimekaribia.

Alhamisi, 12 Septemba

Newala mjini. Siku hizi kila kitu ruksa: mitumba, sabuni za rangi, kaseti za Ulaya. Alfani, muuza kaseti, kaniazima tatu pamoja na redio yake kwa mfuko wa korosho. Anasema waimbaji hurudia neno mpaka likukae. Mwalimu gani ana subira hiyo?

Matunda ya leo. "Beibi": huyu wanamlilia, wanamsihi asiwaache, bila yeye hawaishi. Ni nani kama si Bwana? Basi beibi ni Bwana. "Foreva" ni milele, Alfani kaapa. Na "tunaiti", hili wamelichukua kwetu: tunaita.

Kumbe hawa vijana wa Ulaya ni wacha Mungu! Na mimi nilikuwa nawahukumu kwa nywele zao.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya misa, taabu. Natafuta neno la maji silipati. Kaseti tatu, nyimbo thelathini na mbili, hakuna hata mtu mmoja mwenye kiu.

Mwisho kabisa, upande wa pili, radi ikapiga, mtu akaanza kulia: reni, reni. Radi! Basi ni mvua. Na tenki si la maji ya mvua? Yatosha.

Jambo la kusikitisha. Betri nilizotumia ni za tochi ya Severina. Alfajiri aliteremka gizani, akajikwaa. Goti lile lile. Nimesali sala ya toba mara mbili, halafu nikageuza kaseti.

Jumanne, 17 Septemba

Nimetenda dhambi. Nilimwambia Cuthbert kwamba mgeni atafika kesho saa tisa alasiri. Atafika saa nne asubuhi. Cuthbert alinishukuru sana, akasema atapata nafasi ya kwenda kwanza Newala kunyoa. Shukrani zake zimenichoma. Ningeweza kurudi kumwambia ukweli, nyumba yake haiko mbali. Lakini jua lilikuwa kali.

Jumatano, 18 Septemba

Padri yuko mkutanoni Masasi. Cuthbert yuko kwa kinyozi. Mimi nimevaa koti.

Majaliwa, dereva wa mgeni, kaniamkia shikamoo kama mkalimani kamili, kisha akarudi kulala garini. Nikaitikia marahaba puani, namna ya Kiingereza.

Severina alisimama kwa niaba ya akina mama. Alieleza bonde, ndoo, miezi sita bila tone, na goti lake alilionyesha. Hata mimi machozi yalinilengalenga. Kisha wote wakanitazama. Nikasema kwa sauti ya kanisani:

"Beibi! Tunaiti! Reni, reni, foreva!"

Mzee Cecil akawa mwekundu. Akatazama juu. Mbingu nyeupe kama unga wa muhogo, hakuna wingu. Akaandika kwenye kitabu chake, akanishika mkono kwa huruma nyingi. Akina mama wakapiga vigelegele. Severina kanipa paja la kuku. Tangu mwaka gani sijapewa paja!

Jumamosi, 21 Septemba

Majaliwa kaleta mzigo na barua. Miavuli kumi na miwili.

Cuthbert aliisoma barua mbele ya akina mama, taratibu, kila neno. Mgeni anatupa pole kwa mvua isiyokatika. Kwa kuwa sisi tumejaliwa maji mengi, tenki amelipeleka Makote.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Severina alifungua mwavuli mmoja, akaulaza chini chali mbele yangu.

"Haya, Baba Flora," alisema. "Kinga."

Akachukua ndoo, akaenda bondeni, anachechemea. Nilitaka kumfuata. Nikabaki nakunja mwavuli kwa aibu.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimeungama kwa Padri. Amenipa zaburi saba na onyo moja: niwaachie lugha wenye lugha. Nimelia kwa dhati. Nitamlipa Severina, naapa.

Na Mungu si Athumani! Leo nimesikia yupo Mfaransa Masasi, mchimba visima, atapita huku mwezi ujao. Kisima kizima! Nimekimbia kwa Alfani, kanipa kaseti mbili za Zaire. Kule Kifaransa ndicho chao.

Neno moja nimeshalipata. Linarudi katika kila wimbo, wanaliitia kwa uchungu kama watu wenye kiu kweli: bolingo. Bila shaka ndiyo maji.