Mama Mkwe Hajagusa Bahari

Jumatano, 6 Agosti

Tumefika! Wote watano, wazima, na mizigo yote isipokuwa mwavuli. Kiongozi wa msafara ni mimi. Nani mwingine? Ukoo mzima wa mke wangu unajua kwamba mji huu naujua nje ndani. Nimewaambia hivyo tangu siku ya posa. Na si uongo. Nilikuja hapa zamani, na lori, kuchukua majokofu bandarini. Mvua ilikuwa inamwagika. Bahari niliiona kwenye kioo cha pembeni. Kuona ni kuona.

Safari hii ni ya mama mkwe. Ameshona nguo za watu maisha yake yote, huko kwetu bara, mbali na maji yoyote makubwa kuliko pipa. Mwezi ujao anapasuliwa goti. Binti zake walipomuuliza anataka nini kabla ya hapo, alisema kitu kimoja tu: kuweka miguu baharini. Basi. Kuna ombi jepesi kuliko hilo?

Tatizo ni mwanyumba. Ameoa mdogo wa mke wangu, na tangu aingie ukooni sijawahi kuitwa wa kwanza kwa jambo lolote. Mtu wa bima. Mpole. Ukimwambia neno anajibu, sawa kaka. Watu wa namna hiyo ni hatari sana. Nimeapa: atakayemfikisha mama baharini ni mimi, si yeye.

Kwenye basi nilimkalisha mama dirishani, kushoto, upande wa bahari. Tukaona maghala. Tukaona ukuta. Tukaona ukuta mwingine. Mwanyumba, aliyekaa kulia, akauliza kwa sauti ya chini kama kile cha bluu upande wake nacho si bahari. Nikamwambia ni bwawa. Kubwa, ndiyo. Wakati huo mama alikuwa ameshalala.

Kituoni nilikataa teksi. Ushauri kwa msafiri yeyote: dereva wa kituoni anatazama viatu vyako kwanza, ndipo anataja nauli. Hoteli ni hapo tu, nikasema. Tukatembea. Kiwanda cha saruji tulikipita, kisha tukakipita tena. Safari ya pili mlinzi wake alitusalimia kama majirani. Mama akaketi juu ya sanduku langu kupumzisha goti, sanduku likabonyea. Mwishowe mwanyumba akasimamisha teksi. Hakusema kitu. Angesema ningemjibu!

Alhamisi, 7 Agosti

Chumba cha mama kinatazama maegesho ya magari. Mtu atoke bara kuja kutazama magari? Haiwezekani!

Nikapata mpango. Mimi ni fundi majokofu, na kiyoyozi ni binamu wa jokofu. Kikiugua kidogo tu, mapokezi watalazimika kumhamishia mama chumba cha mbele, kinachotazama maji. Mke wangu akauliza kwa nini nisiwaombe tu. Hajui mambo ya hoteli huyu.

Wenzangu wakiwa kwenye chai, nikapanda juu ya kiti na bisibisi yangu. Nikalegeza skrubu mbili. Nilitaka kipige kelele, basi. Kikapiga kelele. Kisha kikatoa maji. Kisha kikang'oka chenyewe ukutani na kutua kitandani kwa mama. Godoro likayanywa maji yote.

Fundi wa hoteli akaja. Akatazama ukuta, akatazama bisibisi mfukoni mwangu. Nikamweleza kitaalamu kwamba kifaa kile kilifungwa vibaya tangu mwanzo. Akauliza kilichofungwa vibaya kiliwezaje kukaa ukutani miaka yote hiyo kikinisubiri mimi. Tukabishana mpaka mchana. Nilimshinda. Mke wangu anasema sikumshinda.

Mama amehamishiwa chumba pekee kilichobaki: nyuma kabisa, ubavuni mwa mashine za kufulia. Zinanguruma kutwa. Nilikwenda kumwomba radhi, nikamkuta amejinyoosha kitandani anatabasamu. Akasema ni pazuri, ni kama kulala katikati ya cherehani zake.

Baharini hatukwenda. Mwanyumba alisimama mlangoni na taulo tangu asubuhi. Amezikunja vizuri, pembe kwa pembe. Anajionyesha.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nilijipanga. Ufukwe wa mjini umejaa watu, muziki na wauza miwani. Ule ni wa wageni. Mimi niliwapeleka ufukwe wa wenyewe. Niliuona kwenye ramani hauna hata jina, nikajua huo ndio mzuri. Tulifika jua la utosi. Tukateremka kilima polepole. Mama ameshavua viatu, ameshika mkono wangu. Wangu! Si wa mwanyumba.

Bahari haikuwepo.

Sitanii. Ilikuwa imeondoka. Matope, majani, na kaa mmoja aliyetutazama kana kwamba tumemkatiza usingizi. Mbali kabisa, mstari mwembamba unaometameta. Mama akauliza kwa upole bahari iko wapi. Nikamwambia wanaisafisha.

Palikuwa na mwanamke anauza kofia kibandani. Alicheka mpaka akashikilia nguzo. Akasema maji yamekupwa, yatajaa jioni, ndivyo yalivyo kila siku, na kila hoteli imebandika saa zake pale mapokezi. Kweli niliiona karatasi hiyo. Nilidhani ni saa za chakula.

Mama akasema hakuna neno, tungoje. Mwanyumba akamnunulia kofia, kisha akatoa krimu ya kujikinga na jua na kuanza kugawa. Nilikataa. Nikasema ngozi yangu ilikuja duniani ikiwa imeshakamilika. Nikajipaka mafuta ya kupikia niliyoyaomba jikoni hotelini. Nikavua shati, nikajilaza mchangani ili mtu wa bima aone mwanamume anavyoota jua.

Nikapitiwa na usingizi.

Sauti niliyoamka nayo sikujua kama ni yangu. Mgongo moto! Mabega moto! Hata masikio! Ikabidi nirudishwe hotelini haraka, kabla maji hayajarudi. Mama alitembea akigeuka nyuma mara kwa mara. Wanasema tulirudi kwa ajili yangu. Mimi nasema ni kwa ajili ya jua.

Jumamosi, 9 Agosti

Siwezi kulala chali. Siwezi kulala kifudifudi. Naandika nimesimama.

Mwanyumba kaniletea krimu yake. Nimekataa. Alipotoka nimejipaka. Inapoza, mchawi yule.

Wangeweza kwenda bila mimi. Mama amekataa. Amesema hawezi kwenda kucheza na maji huku mkwewe anaungua. Machozi yakanitoka. Yalikuwa ya chumvi, yakanichoma mashavu.

Baadaye: habari njema! Nimesimama getini kidogo nikakutana na nahodha. Kesho ana boti yenye kioo chini. Unakaa kavu kabisa, samaki wanapita miguuni pako kama wateja. Nimeshampa kianzio. Mwanyumba akauliza kama mama alitaka kuona samaki au kuweka miguu majini. Nikamwambia kila jambo lina hatua zake.

Jumapili, 10 Agosti

Boti ipo. Nahodha yupo. Hata kioo kipo. Mke wangu aliomba radhi kwa yote aliyoyasema usiku kuhusu nahodha. Tulipandia kwenye gati refu, mwanyumba akamshika mama kushoto, mimi kulia. Nilihakikisha hata tone halimgusi.

Lakini kioo kimekwaruzika chote. Tuliinama wote watano kutazama samaki, tukaona nyuso zetu wenyewe, za kijani. Yangu ilikuwa ya kijani kuliko zote. Boti inapanda, inashuka. Inapanda. Inashuka. Nilijitahidi kuwaeleza abiria historia ya mji huu. Sikufika mbali.

Mama akaegemea ukingoni. Akanyoosha mkono taratibu kuelekea majini. Vidole vimekaribia kabisa! Nikamrukia, nikaushika ule mkono, nikapiga kelele, papa! Nahodha akasema tangu azaliwe hajaona papa upande huu. Siku zote kuna papa wa kwanza. Nilitaka kumweleza hilo, ila tumbo likanitangulia. Nililalia ukingo uleule wa mama. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuyagusa maji yale.

Tukageuza. Njiani mama akasema, bila hasira hata kidogo: "Mkwe wangu, umenileta mpaka juu ya bahari, na bado sijaigusa."

Shemeji yangu, mke wa mwanyumba, akacheka. Mke wangu hakucheka. Kesho ndiyo siku yetu ya mwisho, na amenijulisha kwamba nikishindwa tena, nitarudi bara kwa miguu. Alisema taratibu, akiwa anakunja nguo. Anapokunja nguo huwa hatanii.

Jumatatu, 11 Agosti

Niandike yote kabla hawajaanza kusimulia wao.

Karibu na sisi kuna hoteli kubwa. Mchanga mweupe, viti vya kujilaza, ngazi zenye vyuma vya kushika mpaka majini. Kwa goti la mama, wapi pengine? Nilishasoma zile saa mapokezi: maji yanajaa asubuhi. Shida ni moja, asiye mgeni wao haingii. Nikawapanga watu wangu nje ya geti la mbele, mama kwenye kiti alichobeba mwanyumba. Nikawaambia wasisogee. Mimi ningeingia geti la nyuma nikiwa fundi, kisha niwafungulie kwa ndani.

Nikamwambia mlinzi wa nyuma nimekuja kutazama mashine ya barafu. Hakuna hoteli isiyo na mashine ya barafu inayosumbua! Uso ukamng'aa. Kumbe walikuwa wanamngoja fundi wiki nzima. Akanishika kiwiko, akanipeleka baa, akanikabidhi kwa mpishi mkuu, jibaba lenye mikono kama mapaja yangu. Huyo akasimama nyuma yangu. Nikamwambia natoka kidogo kuchukua kifaa. Akasema kitaje, kitaletwa.

Basi nikafungua mashine. Feni imejaa vumbi, bomba limeziba. Kazi ndogo, ila ya kukaa nayo. Kila nikigeuka, jibaba.

Juu ya mashine kuna dirisha. Nilipoinua kichwa niliona ufukwe wote. Na ufukweni, nje kidogo ya uzio wa hoteli, niliona watu wanne ninaowafahamu.

Kumbe, kama walivyoniambia baadaye, walichoka kungoja. Mama alimuuliza mlinzi wa geti la mbele watu wasio na hoteli wanapita wapi. Mlinzi akamwonyesha kichochoro kando ya ukuta. Njia ya watu wote! Haina geti, haina kibali, mteremko laini wa mchanga. Inaanzia nyuma ya jiko la hoteli yetu wenyewe. Tulikuwa tunaipita kila siku.

Nikamwona mama anasimama kwenye mchanga mbichi. Amekunja gauni mpaka magotini. Mwanyumba amemshikia kandambili zake, binti zake wako huku na huku. Wimbi likaja. Likamfunika miguu. Mama akaangalia chini kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ampakate, halafu akacheka.

Sikujua mama mkwe anaweza kucheka vile. Miaka yote huwa anacheka amefumba mdomo, kwa mazoea ya kubana pini midomoni. Leo kafungua mdomo wote. Nilimsikia mpaka ndani, kupitia kioo.

Nilisimama na bisibisi mkononi. Bomba nikalisahau. Haukuwa wivu. Labda kidogo.

Mashine ikatema barafu, wahudumu wakapiga makofi, jibaba akanikumbatia mgongo uleule uliobabuka. Nikatoka mbio. Ngazi, mchanga, maji, na nguo zangu zote, mpaka kiunoni. Wimbi likanifika mabegani. Chumvi! Nilipiga yowe ndege wakaruka. Mama akacheka tena, akanishika mkono nisianguke.

"Mwanangu," akasema, "mji huu huujui."

Nikaanza kumweleza.

"Huujui. Niligundua tangu kwenye basi. Lakini ulikuwa na furaha sana, nikasema ngoja nione utatufikisha wapi."

Tukasimama tu, mimi na yeye, maji yanakuja na kurudi. Ni ya vuguvugu. Hilo sikulitegemea. Miaka yote nilidhani ni ya baridi, ila sikuweza kumuuliza mtu.

Mwanyumba akanipa taulo. Nikaipokea. Ilikuwa imekunjwa pembe kwa pembe, na nakiri ilinikausha vizuri.

Nimelitafakari jambo hili kwa makini. Nisingewasimamisha pale getini, mama asingechoka. Asingechoka, asingemuuliza mlinzi. Asingemuuliza, asingeijua njia. Kwa hiyo aliyemfikisha mama baharini ni nani?

Jumanne, 12 Agosti

Ndani ya basi, njiani kurudi. Mama anatazama nje bila kupepesa macho, chumvi imekauka kwenye pindo la gauni lake na amekataa lisifuliwe.

Kituoni alitujia kijana mmoja na mkewe, wametua asubuhi hii, hawajui waanzie wapi. Nikawapa nusu saa nzima. Wapi wakae, nani wamwamini, samaki gani hung'ata. Yule mke alitaka kuyaandika. Mke wangu akanivuta shati, basi limewashwa.

Sasa hivi tu mwanyumba amesema kwamba mwakani, goti likishapona, mama angependa kuona mlima wenye theluji. Aliuliza kama kuna anayeijua njia ya kwenda huko. Mke wangu alinitazama kwa jicho la kuniomba.

Nimewaambia milima waniachie mimi. Naifahamu vizuri sana. Ipo kwenye kalenda pale dukani kwangu, mwezi wa Machi.