Somo la Daktari na Likizo Yangu

Jumatatu, 9 Machi

Balaa! Nimeingia kwa Daktari na ombi langu la likizo mkononi. Shati safi, uso wa huruma. Hata karatasi hakuigusa. Mama wa watu alikuwa amejishika kichwa mbele ya kompyuta. Akasema wiki hii hamsainii mtu likizo.

Kumbe madaktari nao wana shule! Mimi nilidhani ukishaitwa daktari umemaliza, unabaki kuandika mwandiko mbaya tu. La. Lazima wajiendeleze, wasome mambo mapya, wafanye mtihani, ndipo leseni ihuishwe. Yake inaisha Ijumaa jioni. Amebakiza somo moja, la kisukari, refu kama treni. Alilianza mwezi uliopita na bado yuko kwenye utangulizi. Kila akikaa, mtu anagonga mlango. Bila leseni, kituo cha afya kinafungwa. Akaniuliza, kituo kikifungwa, hiyo likizo utakuwa unapumzika kazi gani?

Mimi hapa nasukuma machela, napiga deki, nabeba mitungi ya oksijeni, nazibua masinki. Kwetu ni mbali, safari ya siku mbili. Nina mtoto wa kwanza sijamtia machoni. Mke wangu amepiga simu: mtoto ameanza kukaa. Nikichelewa zaidi atanifungulia mlango, anipe shikamoo, aniulize nimemfuata nani.

Basi Daktari atasoma, atake asitake. Nitamsaidia. Sijamwambia. Ana shughuli nyingi, kwa nini nimsumbue na mipango?

Jumanne, 10 Machi

Mpango wa leo: kupunguza wagonjwa. Nilisimama getini nikatangaza kuwa Daktari yuko masomoni, wenye maumivu madogo warudi wiki ijayo.

Sikupata hata mmoja mwenye maumivu madogo! Mzee mmoja wa kikohozi alinikoholea usoni, ushahidi huo. Bibi mmoja aliyefungwa mkono akataka kujua mimi ni daktari wa nini. Nikamjibu, wa machela. Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Huyu mlinzi ni adui. Naye ameomba likizo, wiki ileile niliyoomba mimi, na anayeruhusiwa ni mmoja. Watu wanamwita Kamanda, naye anaitika! Mimi ananiita Bwana Mipango.

Sista akatoka wodini kuangalia kelele. Akanivuta kwa ukosi wa shati kama mtoto aliyedokoa sukari. Akasema, baba wewe, kasukume machela. Nikamwambia naokoa kituo. Akasema kiokoe kwa ufagio.

Jumatano, 11 Machi

Nimewaza vizuri. Kama Daktari hapati nafasi ya kwenda kwenye somo, somo limfuate Daktari.

Nikaazima spika ya Mlinzi, ile anayosikilizia mpira. Nikaiunganisha na kompyuta ya Daktari, nikaitundika kwenye korido, karibu na mlango wa chumba anachoonea wagonjwa. Atibu huku anasoma. Akili hiyo! Somo likaanza, sauti ya bwana mmoja mtaratibu. Ila lilisikika vizuri zaidi kwa wanaosubiri kwenye mabenchi.

Bwana akataja dalili. Kiu. Kwenda haja ndogo mara kwa mara. Uchovu. Macho kuona ukungu. Mabenchi yote yakageukia spika. Mama mmoja aliyeleta mtoto kuchanjwa akasimama ghafla, akasema, jamani, huyo anayesemwa ni mimi! Jirani yake akasema hata yeye, tena tangu aolewe.

Kufikia adhuhuri kila mtu anataka kupimwa sukari. Waliosindikiza wagonjwa wamejipanga mstari. Aliyekuja kuulizia choo amejipanga mstari. Mlinzi ameacha geti, naye yumo, anadai maji anakunywa mengi mno. Na mimi nikajikagua. Uchovu ninao tangu nifike mji huu! Sista akanitoboa kidole ili ninyamaze. Mzima kabisa. Nilisononeka kidogo.

Kwa zile kelele Daktari hakusikia hata neno. Jioni aliuliza nani kaleta redio.

Alhamisi, 12 Machi

Leo hapana spika, hapana watu. Daktari ameacha chakula chake cha mchana, amejifungia na somo, amefika nusu. Mara akaletwa mtu aliyejikata panga mguuni. Daktari akakimbia kumshona. Kompyuta ikabaki wazi.

Nikaingia kufagia. Kwenye kioo pameandikwa: Je, bado upo? Bonyeza kuendelea. Nikamwonea Daktari huruma. Nikabonyeza. Kiti chake kinazunguka! Somo likaendelea, likauliza tena kama nipo. Nipo, bwana, nitaenda wapi? Nikabonyeza mpaka likaisha. Nikajiona shujaa.

Halafu ukaja mtihani.

Mimi shule niliishia darasa la sita, ila woga sina. Nikawa nachagua jibu refu kuliko mengine, maana wasomi wanapenda maneno. Kioo kikawa chekundu. Umeshindwa. Rudia somo lote tangu mwanzo. Ile nusu ya Daktari, kwaheri.

Daktari alinikuta nimeshika fagio juu chini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema dawa zimebadilika tangu atoke chuoni, na watu wanakatwa miguu ambayo ingepona. Akaniuliza, hata ningefaulu, kesho akija mwenye kidonda, nitamtibu mimi? Nikasema kufunga bandeji najua. Halikuwa jibu alilolitaka.

Akafunga kompyuta akarudi kwa wagonjwa. Mabega yameshuka.

Ijumaa, 13 Machi

Siku ya mwisho. Aibu ya jana nimeilala, imekwisha. Asubuhi Daktari alipoingia ofisini na chai yake, nikamfungia kwa nje. Ufunguo nikauchomeka chini ya godoro la machela, Mlinzi asije akauona. Wagonjwa nikawaambia hayupo. Raha! Nikasikia somo linaanza humo ndani.

Mara kelele getini. Dereva wa lori, pande la mtu, ameanguka, ana jasho, hajitambui. Tukambeba mimi na Mlinzi, tukamtupa kwenye machela. Sista akapiga kelele, Daktari, Daktari! Daktari akatikisa mlango. Sista akaniangalia. Anajua kunitazama huyo mama.

Ikabidi niseme ufunguo uko wapi. Tukajaribu kumwinua tena yule bwana, nguvu zilishatuishia. Ni kama kuinua lori lake. Sista akaniambia nisukume machela, nizunguke nyuma, nimpeleke kwenye dirisha la ofisi. Nilikimbia vile sijawahi kukimbia. Daktari akapitisha mikono kwenye nondo, akamshika mshipa, akamtoboa kidole. Sukari imeshuka vibaya sana. Akatoa dripu ya sukari kabatini, akampa Sista kupitia nondo, akamwelekeza.

Dereva akafumbua macho. Akamwona Daktari nyuma ya nondo. Akauliza kwa upole, dada, wamekufunga kwa kosa gani?

Mlinzi akakaa chini kwa kicheko. Dereva alipogeuka upande, ufunguo tukaupata.

Sista akanipa deki nipige mpaka nitakapoambiwa basi. Kisha akaenda kwenye mabenchi akasema kweli tupu: Daktari ana mtihani leo, usiye na dharura naomba urudi alasiri, dharura nitamwita. Watu wakasema sawa, Sista, mwambie afaulu. Wakanyanyuka! Hivyo tu! Bila hata mpango!

Kabla ya jioni Daktari alitoka ofisini anacheka. Amefaulu. Leseni imehuishwa.

Jumamosi, 14 Machi

Ameniita. Nilijua nafukuzwa, nikavaa lile shati safi. Amesaini! Alisema ameniweka mbele ya Mlinzi kwa sababu ya mtoto, na kwa sababu kituo kinahitaji kupumua. Naondoka Jumatatu. Mke wangu nimempigia, amelia, na mtoto akapiga kelele kwenye simu. Sauti nzito kama yangu.

Sharti moja. Tangu tukio la dirishani, Daktari ameamua wafanyakazi wote nao wajiendeleze. Jumatatu asubuhi kuna somo la kubeba mgonjwa kwa usalama. Asiyehudhuria, likizo yake anapewa mwingine.

Somo! Mimi mwenye shughuli zote hizi, na mizigo sijafunga! Somo linaanza saa mbili asubuhi. Tiketi yangu ya basi ni ya saa moja.

Nimeshapanga. Mlinzi atakaa nyuma, jina langu likiitwa aitikie kwa sauti yangu. Hata sikumbembeleza. Alikubali papo hapo, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akanitakia safari njema. Kumbe ni mtu mwema. Nilikuwa namdhania vibaya.